Bunduki ya Misumari: Jeraha Huanzia Dukani

Fundi seremala akijipiga msumari wa mashine ya upepo, watu waliomzunguka huwa na jibu tayari: hakuwa makini. Mwenye karakana hulisema, mafundi wenzake hulikubali, na mara nyingi aliyeumia mwenyewe hulirudia akiwa kwenye benchi la hospitali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu mashine hii haina huruma na kidole kilichojisahau. Lakini halitoshi. Halielezi kwa nini kati ya mafundi wawili wenye uzoefu uleule na uangalifu uleule, mmoja ana hatari maradufu ya kuumia kwa sababu tu ya namna kifyatulio cha mashine yake kinavyofanya kazi. Tofauti hiyo imepimwa. Na ikishapimwa, swali linahama kutoka kwenye kidole cha fundi na kwenda kwa aliyeichagua mashine, aliyepanga malipo ya kazi, na aliyeiacha kompresa wiki nzima bila kuimwaga maji.

Vipimo vinavyojulikana zaidi vimetoka eneo la St. Louis, Marekani. Huko nyumba nyingi za kuishi husimamishwa kwa mbao kuanzia sakafu hadi paa, na bunduki ya misumari imechukua nafasi ya nyundo kwa miongo kadhaa. Hester Lipscomb wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walishirikiana na chama cha maseremala wa eneo hilo kuwafuatilia wanagenzi waliokuwa mafunzoni. Miongoni mwa wanagenzi wa ujenzi wa nyumba, 2 kati ya 5 walijeruhiwa na bunduki ya misumari ndani ya miaka 4. Hao ni vijana waliokuwa na chama nyuma yao na walimu mbele yao. Kijana anayejifunza kazi kwenye kibanda cha kando ya barabara, akifundishwa na fundi mwenye oda tatu zinazosubiri, hatari yake haiwezi kuwa ndogo kuliko ya hao.

Takwimu za taifa hilo zinaonyesha jambo la pili, ambalo kwetu lina uzito mkubwa zaidi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilihesabu kwamba kati ya 2001 na 2005 watu wapatao 37,000 kwa mwaka walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Takriban asilimia 40 kati yao hawakuwa kazini. Walikuwa watu wa kawaida wakitengeneza uzio, banda au kabati nyumbani. Mwaka 1991 kundi hili la pili lilikadiriwa kuwa watu 4,200. Kufikia 2005 lilikuwa limeongezeka karibu mara tatu. Katikati ya miaka hiyo, bunduki na kompresa za bei nafuu zilijaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mtu yeyote mwenye fedha aliweza kutoka na moja mkononi bila kuulizwa kama amewahi kuishika.

Hapo ndipo tulipo sisi sasa. Afrika Mashariki mashine hii haikuingia kwa mlango wa paa. Kenchi na papi nyingi bado hupigwa kwa nyundo. Imeingia kupitia sofa, vitanda, makabati, fremu na paleti. Katika karakana za samani, ziwe za Keko jijini Dar es Salaam au za kando ya Ngong Road jijini Nairobi, stepla ya upepo inayobana kitambaa na bunduki ndogo inayopiga pini kwenye fremu vimekuwa vyombo vya kazi vya kawaida. Ni ndogo kuliko zile za wajenzi wa Marekani, ambazo baadhi huzidi kilo 3 na nusu, lakini moyo wake ni uleule na njia zake za kujeruhi ni zilezile.

Ndani yake kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni iliyofungiwa ulimi mrefu wa chuma. Upepo uliobanwa hujaza mpini na nafasi inayozunguka silinda muda wote mpira unapokuwa umeunganishwa. Juu ya pistoni kuna vali kubwa inayoshikiliwa ikae imefungwa na upepo huohuo. Kidole kikivuta kifyatulio, vali ndogo hutoa nje upepo ulioishikilia ile kubwa. Ile kubwa hufunguka ghafla, upepo huangukia pistoni, na ulimi hushuka ukiusukuma msumari mmoja kutoka kwenye chemba hadi ndani ya mbao. Chini pistoni hupokewa na mpira mzito, kisha upepo uliojibana pembeni mwa silinda huirudisha juu. Chemba nayo husukuma msumari mwingine mahali pake kwa springi. Yote hayo hupita kabla jicho halijapepesa.

Kutokana na maelezo hayo mafupi, jambo moja linapaswa kukaa kichwani mwa kila anayeishika: maadamu mpira umeunganishwa, mashine imeshashiba. Haina hali ya kupumzika. Ikilala mezani, ikining'inia kwenye ngazi au ikipewa mwenzako, nguvu ya kupiga msumari tayari imo ndani. Ndiyo maana mpira huchomolewa kabla ya kutoa msumari uliokwama, kabla ya kupanda ngazi, kabla ya kumkabidhi mtu mwingine na kabla ya kuondoka kwenda kula. Kuachia kidole tu hakutoshi.

Kinachoizuia nguvu hiyo isitoke ovyo ni sehemu mbili: kifyatulio na pua ya usalama, yaani kile chuma chenye springi kinachochomoza mbele ya mdomo. Pua isipobonyezwa kwenye mbao, mashine haipaswi kupiga. Sheria ya usalama kazini katika ujenzi nchini Marekani inadai kinga hiyo kwa mashine zinazojilisha misumari zenyewe na kufanya kazi kwa presha ya upepo inayozidi PSI 100. Lakini kuwepo kwa pua hakumalizi habari. Swali kubwa ni mpangilio: je, mashine inajali kipi kimetangulia kati ya pua na kifyatulio?

Kwenye aina moja, haijali. Fundi anaweza kushikilia kifyatulio kikiwa kimevutwa na kuidondosha mashine juu ya mbao mara kwa mara. Kila pua inapogusa, msumari unatoka. Hii, mashine ya kugusa, ndiyo inayopendwa kwa kasi, na ndiyo inayoumiza. Kwenye aina nyingine, yenye mpangilio kamili, lazima pua ibonyezwe kwanza, kisha kifyatulio kivutwe; na ili msumari wa pili utoke, vyote viwili lazima viachiwe na kuanza upya. Katikati ya hizo kuna aina mbili zaidi. Moja inadai pua itangulie lakini inaruhusu msumari wa pili kwa kuachia kifyatulio tu. Nyingine haijali kipi kimetangulia, ila hutoa msumari mmoja kwa kila mvuto wa kidole. Watengenezaji hawatumii majina yanayofanana kwa hizi za katikati, hivyo maandishi ya kwenye boksi hayatoshi kumwambia mnunuzi amenunua nini.

Ile ya kugusa, isiyojali mpangilio, huumiza kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kupiga mara mbili. Msumari ukitoka, mashine hurudi nyuma. Mkono unaoikandamiza huisukuma tena mbele bila mwenyewe kupanga. Pua hugusa mbao kabla kidole hakijaachia. Msumari wa pili unatoka. Unaweza kutua juu ya kichwa cha ule wa kwanza na kuruka pembeni, au kuikosa mbao kabisa na kuukuta mkono uliokuwa ukiishikilia. Mwanagenzi huathirika zaidi kwa sababu huikandamiza mashine kwa nguvu nyingi, akidhani msumari utaingia vizuri zaidi. Kumwambia awe mwepesi wa kuachia kidole ni kumdai kitu ambacho mwili hauna, maana tukio zima ni la sehemu ndogo ya sekunde.

Namna ya pili ni kugonga. Fundi anatembea na mashine, kidole kikiwa kwenye kifyatulio kwa mazoea, na pua inagusa paja lake, goti lake, au kichwa cha mwenzake aliyeinama. Kwa mashine, paja na mbao ni kitu kimoja. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na taasisi mbili za Marekani, OSHA inayosimamia usalama kazini na NIOSH inayoutafiti, unasema zaidi ya nusu ya majeraha yanayoripotiwa hutokea kwenye mikono na vidole, na robo ya hayo ya mikono huharibu kano, viungo, neva au mifupa. Baada ya mikono hufuata miguu: paja, goti, unyayo. Msumari kwenye paja la fundi wa paa huwa umefika huko kwa njia hii.

Utafiti wa Lipscomb na wenzake uligundua kwamba hatari kwa anayetumia kifyatulio kisichojali mpangilio ni takriban mara mbili ya anayetumia chenye mpangilio. Mafunzo nayo yalionekana kupunguza majeraha, na hakuna sababu ya kuyashindanisha mawili hayo. Ila mafunzo hulazimika kurudiwa kwa kila kijana anayeingia kazini, ilhali kifyatulio hubadilishwa mara moja.

Mwenye karakana akisikia hayo atauliza kuhusu kasi, na ana haki ya kuuliza, kwani oda zina tarehe. Jibu lipo, nalo limo katika mwongozo huohuo wa 2011. Mafundi wazoefu 10 walijenga vibanda vya mbao vinavyofanana kwa aina zote mbili za vifyatulio. Upigaji misumari kwa kifyatulio cha kugusa ulikuwa wa haraka zaidi kwa wastani wa asilimia 10. Lakini kupiga misumari ni sehemu ndogo ya kazi; ukijumlisha kupima, kukata na kupanga mbao, faida hiyo ilishuka chini ya asilimia 1 ya muda wote wa ujenzi. Na tofauti kati ya fundi mmoja na mwingine ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya vifyatulio. Kwa maneno mengine, anayeng'ang'ania kifyatulio hatari anaokoa dakika chache kwa siku na kuweka rehani mkono wa mtu. Binafsi sioni hesabu yoyote ya biashara inayoweza kuhalalisha hilo.

Kuijua mashine uliyonayo hakuhitaji karatasi. Vaa miwani, toa misumari yote kwenye chemba, unganisha upepo, na tumia kipande cha mbao chakavu. Vuta kifyatulio mashine ikiwa haijagusa kitu, huku umeielekeza kwenye mbao na mbali na watu, isipige. Bonyeza pua bila kuvuta kifyatulio, isipige. Kisha shikilia kifyatulio kikiwa kimevutwa na ndipo uigusishe pua kwenye mbao. Ikipiga hapo, haijali mpangilio. Mashine nyingine zina kizuizi kinachokataa kupiga chemba ikiwa tupu, na hizo hazitajibu kitu mpaka ziwekewe misumari michache. Hapo tahadhari iwe ile ya kazi kamili. Jaribio hili lifanyike mbele ya muuza duka kabla fedha haijatoka, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huuza kifyatulio cha mpangilio kama kipuri, na wengine hawakiuzi kabisa. Katika viwango vya hiari vya Marekani, tangu 2003 mashine kubwa za ujenzi hutarajiwa kutoka kiwandani zikiwa na kifyatulio cha mpangilio. Maagizo ya Ulaya nayo yanakataza mashine za kugusa zitumike mahali fundi anapohama kwa ngazi au jukwaa kutoka sehemu moja ya kupiga hadi nyingine.

Hata kifyatulio bora hakizuii msumari kupotea njia ndani ya mbao. Misumari mingi ya mashine ina ncha ya patasi, na ncha hiyo hufuata nyuzi za mbao. Kwenye paini laini huenda ikashuka wima. Kwenye mninga au mkongo, au ikikutana na fundo, pini nyembamba hujikunja na kutokea pembeni, wakati mwingine mbali na mahali ilipoingilia. Kidole kilichobana mbao upande huo hakipati onyo. Kwa hiyo mkono usiopiga ukae angalau sentimeta 30 kutoka mahali pa kupiga, na pale ambapo kipande ni kifupi kuliko nafasi hiyo, kibanwe kwa klemu. Najua mafundi wengi watasema klemu inapoteza muda. Ndiyo, inapoteza muda mfupi, na karakana isiyo na klemu mbili tatu za kubana fremu haina ruhusa ya kumlaumu kijana aliyetumia kiganja chake kama klemu.

Msumari mrefu kuliko unene wa mbao hupita. Unaopigwa juu ya bamba la chuma, au juu ya kichwa cha msumari mwingine, huruka. Unaopigwa ukingoni huikosa mbao. Na anayepiga juu ya kichwa chake au kwa mkono usio wake wa kawaida hana udhibiti wa mrudisho. Hapo ndipo nyundo inarudi kuwa chombo sahihi, na fundi anayejua lini aweke chini mashine ndiye ninayemwita mzoefu.

Kasoro nyingine huanzia kwenye kompresa. Bunduki nyingi za misumari hufanya kazi kati ya PSI 70 na 120, sawa na takriban bar 5 hadi 8, na kikomo cha kila moja huandikwa kwenye mwili wake. Karakana nyingi huwa na kompresa moja kwa kazi zote: kupuliza rangi, kupuliza vumbi, kupiga misumari. Ikiwa hakuna kidhibiti presha kati ya tangi na mashine, bunduki hupokea chochote kilichomo kwenye tangi. Upepo ukizidi, msumari hupenya kupita kiasi, mpira wa ndani hupasuka mapema, na mrudisho huongezeka. Mrudisho ukiongezeka, uwezekano wa kupiga mara mbili nao huongezeka. Njia nzuri ni kuanza chini, kupiga kwenye kipande chakavu, na kupandisha kidogokidogo mpaka kichwa cha msumari kilale sawa na uso wa mbao. Hapo simama.

Kuna kosa dogo la kiungio ambalo nimelitaja kwa mafundi wengi na wengi hawajawahi kuambiwa. Kiungio chenye vali kinachofunga upepo kikae kwenye mpira. Kwenye mashine ibaki chuchu iliyo wazi. Ukichomoa mpira, upepo uliobaki ndani ya mashine hutoka mara moja na mashine hufa. Vikigeuzwa, chenye vali kikawekwa kwenye mashine, upepo hubaki ndani hata baada ya mpira kuchomolewa, na mashine inayoonekana haina uhai inaweza kupiga msumari mmoja zaidi, pengine wakati mtu ameingiza kidole mdomoni mwake kutoa uliokwama.

La oksijeni ni fupi. Mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji usiunganishwe kamwe na bunduki ya misumari, hata kwa dakika moja umeme ukikatika. Oksijeni iliyobanwa ikikutana na mafuta ya kulainisha yaliyo ndani ya mashine hulipuka. Mitungi mingine ya gesi nayo haifai, kwa kuwa presha yake inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya ile ambayo mashine inaweza kubeba.

Sasa maji. Huu ndio ugonjwa wa pwani, na ningependa wenye karakana wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wauchukulie kwa uzito kuliko wanavyofanya. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa ikiibana hadi bar 7, mita hiyo moja huwa sehemu ya nane ya ukubwa wake, na ikipoa haiwezi kubakiza mvuke wa zaidi ya gramu 4 hivi. Zinazobaki, karibu gramu 20, hugeuka maji ndani ya tangi na mpira. Kompresa ndogo inayovuta lita 100 kwa dakika, ikinguruma jumla ya saa moja kwa siku, imeingiza maji ya kutosha kujaza nusu glasi. Asiyefungua koki ya chini ya tangi kila jioni anayaacha yafanye kazi mbili: kulila tangi kwa kutu kutoka ndani, na kusafiri hadi kwenye bunduki ambako huosha mafuta na kugandisha kutu kwenye vali.

Tangi lililoliwa na kutu haliwezi kuchukuliwa kama ndoo iliyotoboka. Kwa presha ya bar 8, kila sentimeta ya mraba ya ukuta wake husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 8. Kifuniko cha mwisho chenye kipenyo cha sentimeta 30 hubeba zaidi ya tani 5. Kwa sababu hiyo vali ya usalama juu ya tangi haizibwi wala haikazwi ili itulie, na tangi lililotoboka halizibwi kwa kuchomelewa mtaani. Linatolewa kazini.

Kwenye bunduki yenyewe matunzo ni madogo lakini yana masharti. Matone machache ya mafuta ya vyombo vya upepo huwekwa kwenye chuchu ya kuingizia upepo asubuhi, na tena mchana kama kazi ni nzito. Oili ya injini isitumike, kwa sababu viambata vyake vya kusafisha huharibu oringi. Petroli na mafuta ya taa navyo huzivimbisha au kuzikausha. Zipo mashine zilizotengenezwa zisitiwe mafuta kabisa, na hizo ziachwe hivyo. Sikio hufanya sehemu kubwa ya ukaguzi: upepo unaovuja juu kwenye tundu la kutolea huashiria oringi ya vali kubwa, unaovuja kwenye kifyatulio huashiria vali ndogo, mashine inayopiga kwa unyonge ilhali presha inatosha huenda pete ya pistoni imechakaa au ncha ya ulimi imeliwa.

Na pua isafishwe. Katika karakana ya sofa, vumbi la mbao huchanganyika na gundi na kuunda utando unaonata. Pua ikinata ikiwa imebonyea, springi haiwezi kuirudisha, na mashine inabaki na kinga moja tu: kidole. Mtu mwingine atavuta kifyatulio hewani akidhani haitapiga, na itapiga. Hali hiyohiyo hutengenezwa kwa makusudi na wanaoing'oa springi ya pua au kuifunga kwa waya ili wafike kwenye pembe finyu. Mashine ya namna hiyo inapaswa kuondolewa mezani siku hiyohiyo na mwenye karakana, wala isisubiri fundi aliyeiharibu aombe radhi.

Miwani yenye kinga za pembeni haihitaji mjadala, kwani vipande vya plastiki na waya vinavyoshikanisha misumari huruka kwa kila pigo. Masikio husahauliwa. Mlio wa bunduki ya misumari ni mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde, lakini vilele vyake vimepimwa kati ya desibeli 109 na 136, na anayeusikia maelfu ya mara kwa wiki hulipa kwa uziwi unaokuja polepole.

Msumari ukishaingia mwilini, shauku ya kwanza ni kuuchomoa kwa koleo. Isifanywe hivyo. Misumari mingi ya mashine ina miiba midogo au gundi, na vipande vya waya, karatasi au plastiki huingia nao kwenye kidonda. Kuuvuta kwa nguvu huweza kuchana neva au kano iliyokuwa imenusurika. Zuia damu, tuliza kiungo, peleka mtu hospitali pamoja na msumari mwingine wa aina hiyo ili daktari ajue anachoshughulikia, na taja chanjo ya pepopunda. Jeraha lenye tundu dogo lisidharauliwe, maana uharibifu wake uko ndani.

Lakini ni nani atakayelipia hospitali hiyo? Hapa ndipo suala la mashine linapogeuka suala la kazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA, tofauti na ile ya Marekani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Kenya ilipitisha mwaka 2007 sheria ya usalama kazini pamoja na ile ya mafao ya walioumia kazini. Sheria zipo, nazo si mbaya. Tatizo ni kwamba kijana anayepiga pini kwenye fremu za sofa mara nyingi hana mkataba, halipwi kwa mwezi, na jina lake haliko kwenye orodha yoyote ya mwajiri. Analipwa kwa kipande. Malipo ya kipande yana mantiki yake, lakini yakikutana na kifyatulio kisichojali mpangilio yanamweka kijana mahali pabaya: kila sekunde anayoitumia kujilinda inakatwa kwenye mfuko wake mwenyewe, na faida ya kasi anagawana na mwenye karakana. Wa kuondoa mgongano huo ni yule anayepanga malipo na kununua vyombo.

Katika kusimamia hayo, sehemu rahisi kuliko zote ni ile ya chuo na mamlaka za viwango. Nchini Tanzania, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinaweza kuwafundisha wanafunzi wa useremala kwa mashine za mpangilio kamili peke yake, ili mkono uzoee njia hiyo tangu mwanzo. Mamlaka za viwango zinaweza kudai boksi litaje kwa Kiswahili aina ya kifyatulio, kikomo cha presha na aina ya mafuta. Karakana zenye aina mbili za mashine zinaweza kuzipaka rangi tofauti, na asiyetimiza mwaka kazini asiguse ile ya kugusa.

Hospitali nazo zina sehemu yake. Zile takwimu za majeruhi 37,000 ziliwezekana kwa sababu Marekani ina mtandao wa hospitali za sampuli ambako chombo kilichomuumiza mgonjwa huandikwa pamoja na jeraha lake. Daftari la dharura likiandika "jeraha la mkono" na kuishia hapo, tukio hilo limepotea kwa yeyote anayetaka kulizuia lijalo. Safu mbili za ziada zinatosha: chombo kilikuwa kipi, na mgonjwa alikuwa akimfanyia nani kazi.